Nyoka ni Nyoka? La Hasha!

Waswahili husema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hapa kwetu shuleni hatujaumwa sote, lakini sote hushtuka. Ukipiga ukelele mmoja tu, "Nyoka!", bweni zima hutoka mbio. Huyu ana ufagio, yule ana jiwe, mwingine kashika mguu wa kitanda, na kabla hujahesabu hadi kumi kiumbe chenyewe kishapondwa kichwa na kutupwa nyuma ya jiko. Hakuna anayeuliza alikuwa nyoka gani. Atauliza nini, na nyoka ni nyoka?

Msomaji mpenzi, mimi nimezaliwa na kulelewa huku Kilifi, upande wa Gede, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke. Nyoka nimewaona tangu nikibebwa mgongoni. Sijiiti mtaalamu, maana bado naitafuta gredi ya Baiolojia kama wenzangu wote, lakini jambo lililotokea hapa shuleni muhula wa pili mwaka jana ndilo lililonishikisha kalamu.

Mvua ya masika ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Jioni moja baada ya masomo ya usiku, kijana mmoja wa kidato cha pili alikuta kijoka karibu na bafu. Kilikuwa cheusi ti, kinang'aa kama kiatu cha siku ya ukaguzi, unene wake wa kidole na urefu wake haukuzidi rula moja na nusu. Wenzake wakaanza kuokota mawe. Yeye akawazuia. Alikuwa amesoma mahali kwamba nyoka wa sumu hutambulikana kwa kichwa cha pembetatu na mboni ya jicho iliyosimama wima kama ya paka. Hiki kilikuwa na kichwa kidogo kilicholingana na shingo, na macho kama ncha za pini. "Ah, hiki hakina sumu, ni kama mnyoo tu," akasema. Akakishika nyuma ya kichwa, vile vile watu wa televisheni wanavyofanya. Kijoka hakikufungua hata mdomo. Kiligeuza kichwa kidogo upande, na kijana akapiga yowe lililowatoa walimu nyumbani.

Kumbe kile kilikuwa kijoka cha jamii ya Atractaspis. Hawa hukaa chini ya udongo, na mvua ikilowesha ardhi hutoka usiku kutembea. Meno yao ya sumu ni marefu mno kwa kichwa kidogo kama kile, na huweza kuchomoza pembeni mwa mdomo bila ya mdomo kufunguka. Kijoka huchoma kwa kuvuta kichwa upande na nyuma, kama mtu anayemdunga mwenzake kwa sindano iliyofichwa kwapani. Ndiyo maana hakuna namna salama ya kumshika. Isitoshe, hakuna dawa ya kuzima sumu iliyotengenezwa kwa ajili yake. Daktari hutibu maumivu na kidonda, basi. Kidole cha shahada cha mwenzetu kilivimba, kikawa cheusi, na mwishowe kipande cha ncha kikaondolewa. Sasa hushika kalamu kwa kidole gumba na cha kati. Hati yake imerudi kuwa nzuri, lakini ilichukua muhula mzima.

Ninachotaka wenzangu wakitazame vizuri ni hiki: aliyemponza si ujinga. Wale waliotaka kukipiga mawe ndio waliokuwa hawajui lolote, nao walitoka wazima. Yeye aliponzwa na kanuni. Na kanuni ile si uongo mtupu, ila si ya hapa. Sehemu nyingi za Ulaya, nyoka wa kuogopwa ni wa jamii ya bafe, wenye vichwa vipana na macho ya paka, kwa hiyo mtu wa huko akiifuata kanuni hiyo ataponea mara nyingi. Ilete Kenya sasa. Fira ana mboni ya mviringo na kichwa chembamba. Swila vivyo hivyo. Koboko, ambaye kila mtu anamwogopa hata kabla ya kumwona, ana mboni ya mviringo na kichwa kirefu chembamba. Sasa mtazame nyoka wa nyumba, yule wa kahawia anayekula panya: mboni yake imesimama kama ya paka, na hana sumu hata chembe. Yaani ukiifuata kanuni ile huku kwetu utamuua rafiki na kumpapasa muuaji.

Usidhani ni wanafunzi tu wanaoponzwa hivi. Mnamo tarehe 25 Septemba mwaka 1957, katika jumba la makumbusho la Chicago huko Marekani, bingwa wa nyoka aliyeitwa Karl Schmidt aliletewa nyoka mdogo kutoka bustani ya wanyama ili amtambue. Nyoka alitoka Afrika, wa aina ile ambayo wazungu wa Afrika Kusini waliita boomslang, maana yake nyoka wa mtini. Yuko hata huku kwetu. Akamwuma kidole gumba. Schmidt alikuwa amesoma nyoka maisha yake yote, akaona jeraha dogo, nyoka mdogo, na meno ya sumu ya aina ile yako nyuma mdomoni, hivyo hakuona sababu ya kuhangaika. Alirudi nyumbani, akaandika kwa makini kila dalili aliyoipata. Kesho yake alikufa. Sumu ya nyoka huyo huizuia damu isigande, na mtu hutokwa na damu ndani kwa ndani. Kama bingwa aliyekuwa na nyoka mkononi na vitabu mezani aliponzwa, sisi wa bafuni na tochi ya kuzimikazimika tutajidai nini?

Basi tufanyeje? Nilimwuliza mwalimu wetu wa Baiolojia swali hilo hilo, naye akatupeleka Watamu, kwenye shamba la nyoka la Bio-Ken. Lilianzishwa mwaka 1980 na mzee James Ashe, aliyewahi kushughulikia nyoka katika Makumbusho ya Taifa Nairobi, na ambaye alifariki mwaka 2004. Nilitoka huko na wazo moja lililonikaa kichwani. Kenya ina aina zaidi ya 100 za nyoka, na wanaoweza kumwua mtu ni sehemu ndogo tu ya hao. Tena hao wachache hawakai wote mahali pamoja. Wa Kakamega si wa Turkana, na wa Turkana si wa Kilifi. Huhitaji kujua nyoka wote wa dunia. Unahitaji kuwajua vizuri wale watano au sita wa kijijini kwenu, mmoja mmoja kwa sura na tabia, kama unavyowajua mbwa wakali wa mtaani. Na usiyemjua, mpishe.

Huku kwetu wa kwanza ni bafe. Wengine humwita moma, wengine piri, wengine kifutu. Ni mnene, mfupi, rangi ya majani makavu, na mgongoni ana alama kama za V zilizopangwa moja baada ya nyingine kuelekea mkiani. Akitembea polepole huenda moja kwa moja kama kiwavi. Lakini sifa yake kubwa si sura, ni uvivu. Nyoka wengine wakisikia mtetemo wa miguu yako huondoka, na wewe hutajua hata walikuwapo. Bafe haondoki. Hulala pale pale njiani, akitegemea rangi yake imfiche, mpaka umkanyage. Ndiyo maana huuma watu wengi kiasi hicho. Ukibahatika atajijaza pumzi na kufoka kama gurudumu linalotoboka. Hiyo ni hisani, ishukuru. Sumu yake huozesha nyama. Huzaa watoto hai, si mayai, na bafe mmoja kutoka Kenya aliyefugwa katika bustani ya wanyama huko Cheki alizaa watoto 156 kwa mara moja. Lahaula!

Wa pili ni swila. Yule mkubwa wa kahawia wa huku pwani hupita mita mbili, na ndiye mkubwa kuliko nyoka wote watemao sumu duniani. Kwa miaka mingi wataalamu walimchanganya na swila mweusi wa shingo, mpaka mwaka 2007 alipotangazwa rasmi kuwa aina ya pekee na kupewa jina Naja ashei, kwa heshima ya yule mzee Ashe wa Watamu. Hebu fikiri: mnyama mwenye urefu kumpita mwalimu mkuu, amekaa vichakani mwetu miaka na miaka, na vitabu havikuwa vimempa jina lake. Swila hutema sumu akilenga macho. Ikikupata, usisugue, osha kwa maji mengi sana, hata maziwa yakiwa ndiyo yaliyo karibu, kisha nenda hospitali. Akiuma ni balaa jingine, maana naye huozesha nyama.

Sasa tuje kwa wa kijani, hapo ndipo penye vurugu. Kuna ukukwi, mwembamba, mwenye macho makubwa, mla vyura, asiye na madhara. Kuna yule nyoka wa mtini aliyemwua Schmidt, ambaye naye huweza kuwa wa kijani, mwenye kichwa kifupi na macho makubwa zaidi. Na kuna yule ambaye vitabu vya Kiingereza humwita "mamba" wa kijani. (Hapa sisi Waswahili tunachanganyikiwa, kwa sababu mamba wetu ana miguu minne na hukaa mtoni! Wazungu walilichukua neno hilo kwa Wazulu, wanaosema imamba.) Huyo hukaa juu ya miembe, minazi na mikorosho, ni mwoga, hashuki ovyo, na hata majirani wa msitu humwona mara chache. Lakini sumu yake ni ya kufisha. Je, mtu aliyeko juu ya mwembe, ameshika tawi kwa mkono mmoja, atawatenga hao watatu kwa ukubwa wa jicho? Mimi sitajaribu. Nyoka yeyote wa kijani aliye mtini namwachia mti wake, embe zitaanguka zenyewe.

Koboko nitampitia upesi. Si mweusi, ni wa kijivu au kahawia iliyofifia, na weusi wake umo ndani ya mdomo. Ni mwepesi, na sumu yake huvuruga neva hadi pumzi ikakatika. Hadithi kwamba huwafukuza watu barabarani hadi wakalala chini ni hadithi tu. Akiachiwa njia hukimbilia shimo lake.

Wasio na sumu ndio wengi, na ndio tunaowaua zaidi, kwa kuwa hawana pa kukimbilia. Kuna vile vijoka vinavyofanana na nyungunyungu, ambavyo watu husema vina vichwa viwili. Kichwa ni kimoja tu, ila mkia ni butu. Hula mchwa na mayai ya siafu. Kuna mla mayai, ambaye karibu hana meno. Hulimeza yai zima, akalivunja kwa mifupa iliyochomoza ndani ya shingo, akanywa ute na kiini, kisha akalitema ganda. Ukimtishia hujikunja, husugua magamba yake yakatoa sauti ya kufoka, hutanua kichwa kikawa cha pembetatu, na kuruka kama anayetaka kuuma. Anamwigiza nyoka mwenye sumu ili aogopwe. Maskini, kwa binadamu mchezo huo ndio unaomletea panga.

Na kuna nyoka wa nyumba. Ni wa kahawia, anang'aa kama aliyepakwa mafuta, na kichwani ana mistari miwili hafifu kila upande, mmoja ukipita kwenye jicho. Hutoka usiku, huwaviringisha panya na kuwakaba. Nyanya yangu ana mmoja ghalani kwake tangu sijaanza shule, ama pengine ni watoto na wajukuu wa yule wa kwanza. Nyanya hapendi nyoka atajwe usiku. Husema "ile kamba". Siku moja nilipokuwa mdogo nilitaka kuipiga kamba hiyo kwa fimbo. Akanishika mkono akasema, "Mjukuu wangu, ukimwua huyu, usiku utakuja kulala ghalani wewe, ukimbizane na panya." Mahindi ya nyanya hayana mashimo. Majirani hununua sumu ya panya kila mwezi.

Si nyanya peke yake. Kule Wasare, Nyakach, mwaka 2003 alionekana chatu ambaye wenyeji walimwita Omieri, na wazee wakakataa katakata asiguswe, wakiamini huleta mvua na mavuno. Mimi sina hakika na hiyo mvua. Lakini nina hakika na panya.

Kiranja wetu wa bweni tumebishana naye sana. Yeye hushikilia kwamba ni heri kuwaua kumi wasio na hatia kuliko kumwachilia mmoja mwenye sumu. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, na mama aliyemkuta swila chini ya kitanda cha mtoto wake sitamlaumu kwa lolote atakalofanya. Ila kiranja husahau kitu kimoja: ili umwue nyoka ni lazima umkaribie. Watu wengi huumwa wakiwa katika kazi hiyo hiyo ya kuua. Aliye hatua tano mbali nawe, ukamtazama bila kumtibua, hawezi kukudhuru, isipokuwa swila na mate yake, na huyo mrudie nyuma zaidi. Nyoka akiwa ndani, toeni watu, mtu mmoja amwangalie kutoka mbali ajue alikoingia, kisha aitwe mwenye ujuzi au watu wa KWS.

Halafu tujiulize nyoka hufuata nini kwetu. Hutufuata kwa ajili ya panya, na panya hufuata mahindi tuliyoyarundika chumbani na ugali tulioumwaga nyuma ya jiko. Hufuata vifaranga na vyura. Hujificha kwenye lundo la kuni, mawe, mabati mabovu. Hapa shuleni, nyoka watatu kati ya wanne waliouawa mwaka jana walipatikana hatua chache kutoka kwa lundo la viti vibovu ambalo limekaa pale tangu kaka zetu wakubwa wakiwa hapa. Tukiliondoa tutapunguza nyoka kuliko bakora zote za bweni. Usiku tembea na tochi na viatu, si ndala. Usitie mkono pale ambapo jicho halijatangulia. Nyumbani, kulala kitandani na chandarua kilichochomekwa chini ya godoro kunasaidia kuliko kulala mkekani, kwa sababu swila huingia usiku kutafuta panya, akamwuma aliyelala sakafuni.

Na mtu akishaumwa? Mtulize, alale, asitembee. Mvue pete, bangili, saa na viatu kabla hapajavimba. Asichanjwe, asinyonywe, asifungwe kamba ya kukaza, asipakwe mafuta ya taa. Apelekwe hospitali upesi, hata kwa bodaboda, akae katikati ya dereva na mtu wa kumshika. Ikiwezekana pigeni simu mbele kuuliza kama dawa ipo, maana kwetu huagizwa kutoka nje, ni ghali, na si kila hospitali inayo. Hali hii si ya Kenya pekee. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kwa nyoka kila mwaka duniani, na mwaka 2017 liliyaweka madhara ya kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyopuuzwa. Nyoka asibebwe kupelekwa hospitali. Hata kichwa kilichokatwa huweza kuuma. Picha ya simu kutoka mbali inatosha.

Kuhusu lile jiwe jeusi wanaloweka juu ya jeraha, najua nitakosana na wengi, wakiwemo jamaa zangu. Mara nyingi jiwe hilo ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa, na haunyonyi sumu yoyote. Mbona basi watu hupona? Kwa sababu wengi huumwa na nyoka asiye na sumu, na hata mwenye sumu mara nyingine huuma bila kuitoa. Mtu huyo angepona hata angewekewa kipande cha sabuni. Hakuna aliyemtambua nyoka, kwa hiyo sifa zote huenda kwa jiwe, na siku bafe halisi anapouma, saa za kukimbilia hospitali huishia kwa mwenye jiwe.

Chama chetu cha Kiswahili kimeanza kazi moja ndogo. Tuligundua kwamba lugha yetu ina majina manne kwa bafe peke yake, lakini nyoka wengi wasio na sumu tunawaita "nyoka" tu, na asiye na jina ni rahisi kumwua. Kwa hiyo tuna daftari. Kila mwanachama akienda likizo huwauliza wazee majina ya nyoka wa kwao, na sifa zao, na walivyokuwa wakiishi nao. Kufikia sasa tumeandika majina kumi na tisa, na kumi na mawili ni ya wenye sumu. Mla mayai bado tunamwita hivyo hivyo tu, kwa kazi yake. Anayejua jina lake la asili amletee katibu kabla shule haijafungwa. Aandike jina tu. Nyoka mwenyewe amwache huko huko.